Mizani Iko Mikononi mwa Nani? Maneno kwa vijana wanaotaka kusoma uhasibu na fedha

Haya ni maneno niliyozungumza na wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao hapa Mwanza. Waliokosa kufika waliomba yaandikwe, nami nimeyaweka kama yalivyotoka. Yale ya kuoneshwa ukutani nimeyaacha.

Wazazi wangu, shikamooni. Walimu na viongozi wa dini mliopo, heshima yenu. Vijana, mambo? Hiyo "poa" imetoka kama ya watu ambao hawajanywa chai. Mwangaluka! Naam, sasa nimesikia Usukuma imeitika.

Nimeombwa nizungumzie masomo ya uhasibu na fedha chuo kikuu. Aliyenialika alininong'oneza mlangoni: "Usisahau ajira, wazazi watakuuliza hilo tu." Sitasahau. Ila nikianza na ajira nitakuwa nimewauzia mtumbwi bila kuwaonesha ziwa, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mikono juu: wangapi hapa wanataka kusoma uhasibu? Wengi. Shusheni. Wangapi wanataka kwa sababu wanaupenda? Aa, mbona imepungua. Wangapi ni kwa sababu kuna mjomba alisema "wahasibu hawakosi hela"? Msicheke, mjomba huyo yupo kwenye kila ukoo. Nampenda, lakini leo lazima nimpinge hadharani. Mjomba anadhani mhasibu ni mtu anayekaa karibu na fedha. Anayekaa karibu na fedha ni keshia, na yule askari mwenye bunduki mlangoni pa benki. Mhasibu anaweza kumaliza mwezi mzima hajaigusa noti ya mtu. Anachogusa ni karatasi: risiti, ankara, hati ya malipo, taarifa ya benki. Na kila karatasi anaiuliza swali moja: nikuamini kwa nini?

Shikeni hilo, maana nitalirudia mpaka mchoke. Uhasibu ni kazi ya kumfanya mtu ambaye hakuwepo aamini kilichotokea. Mwenye hisa yuko Dar, kiwanda kiko Ilemela, hakuwepo. Benki haikuwepo ulipouza. Mamlaka ya Mapato haikuwepo. Mwanachama wa ushirika kule Misungwi alikuwa shambani wakati katibu anafungua kabati la fedha. Watu wote hawa hawakuwepo, na wote wana haki ya kujua. Nani atawaambia? Na wakiambiwa, kwa nini waamini?

Twendeni kwenye pamba. Wazee mliokaa mbele mnaijua habari hii kuliko mimi, mnisahihishe nikipotea njia. Miaka ya 1940, mkulima wa Kwimba au wa Geita amelima, amepalilia, amevuna, pamba imejaa. Anaipeleka kwa mnunuzi. Inawekwa kwenye mizani. Mizani ya nani? Ya mnunuzi. Anayesoma uzito ni nani? Mnunuzi. Anayeandika? Mnunuzi. Anayelipa? Mnunuzi huyohuyo. Mkulima kazi yake ni kupokea anachopewa na kurudi nyumbani na manung'uniko. Moyoni anajua amepunjwa, lakini cha moyoni hakiandikwi kwenye daftari lolote, na bwana mkubwa ofisini hasikilizi kisichoandikwa.

Wakulima walifanya nini? Walitafuta watu wao wenyewe, waliojua kusoma na kuandika, wakawasimamisha pale penye mizani wahakiki uzito. Nataka mlione jambo hilo lilivyokuwa, vijana. Mtu mmoja, penseli, daftari, amesimama karibu na mizani ya mtu mwingine, anaandika namba yake mwenyewe. Ghafla kuna namba mbili. Na zikiwepo namba mbili, mwenye mizani analazimika kueleza tofauti. Huo ndio ukaguzi. Kwa hiyo mtu akikwambia uhasibu ni kitu cha Wazungu kilichokuja na kompyuta, mwambie babu zetu wa kanda hii waliutaka kabla hawajapata hata uhuru.

Kutokana na kujikusanya huko, mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Katika waliokiongoza alikuwemo Paul Bomani, kijana aliyekuwa ameshakuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapahapa mjini. Mwaka 1955 vyama vya pamba vikaungana, likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, wazee wakilijua kwa herufi zake, VFCU. Lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Na Bomani? Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha, Mwafrika wa kwanza kushika wizara hiyo Tanganyika. Kutoka kwenye mambo ya mizani ya pamba mpaka hazina ya taifa.

Nikiishia hapo mtapiga makofi. Lakini upo upande wa pili, na nikisimulia wa kwanza peke yake nitakuwa nimewatolea ngano. Mizani ilipohamia mikononi mwetu wenyewe, ilinyooka? Mwaka 1966, miaka michache tu baada ya uhuru, kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini. Ilikuta nini? Udanganyifu wa baadhi ya viongozi, uhaba mkubwa wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama wasioelewa chama chao kinaendeshwaje. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa kabisa, na viliruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Sisemi hesabu mbaya ndiyo sababu pekee. Siasa ilikuwepo, bei ya dunia ilikuwepo. Nasema kwamba mnunuzi aliyekuwa akimpunja mkulima alipoondoka, kupunja hakukuondoka naye. Kulibaki palepale, kunasubiri mtu mwingine ashike mizani bila daftari la pili pembeni.

Tatizo la ujuzi nchi ilikuwa imeanza kuliona mapema. Mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Ushirika kule Moshi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mabenki na makampuni makubwa yakawa ya umma, na mali yote hiyo ilihitaji watu wa kuitolea hesabu. Ndipo mwaka 1972 ikatungwa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Kijana anayejaza fomu ya uhasibu leo anaingia kwenye mlango uliofunguliwa na kilio cha wakulima, hata kama mwongozo wa udahili haumwambii.

Sasa tuingie darasani. Mwaka wa kwanza utakutana na debiti na krediti, na nakuahidi wiki mbili za mwanzo utazichukia. Kila jambo linaandikwa mara mbili: fedha imetoka wapi, imekwenda wapi. Umenunua nyavu kwa fedha taslimu. Nyavu zimeongezeka, fedha imepungua. Mtindo huo wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiutumia zamani, na mwaka 1494 mtawa mmoja Mfransisko, Luca Pacioli, akauchapisha kwenye kitabu cha hisabati. Zaidi ya miaka 500 sasa, na bado ndio huohuo. Programu zote za kompyuta mnazozisikia, na hata MUSE, mfumo wa malipo unaotumiwa na serikali yetu, ndani yake mna hesabu ya Pacioli. Mwanafunzi akiniuliza kama kompyuta itamnyang'anya kazi, namwambia kompyuta imeshachukua kujumlisha, ichukue na kunakili. Lakini kompyuta ukiiletea ankara ya uongo, inaipokea kwa heshima zote.

Kuna somo moja la mwaka wa kwanza wanafunzi wanalipita mbio kwa kuwa ni jepesi, nami nataka tukae hapo. Matumizi ya kawaida na matumizi ya kununua mali. Petroli ni matumizi ya kawaida. Ukiichoma leo imekwisha leo, inakatwa kwenye mapato ya leo. Injini ni mali. Itakutumikia miaka, kwa hiyo gharama yake unaigawa kwenye miaka hiyo. Huko kugawa tunakuita uchakavu. Rahisi, si ndiyo?

Nendeni mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, Kirumba au Igombe, mumuulize mwenye mtumbwi anavyogawana na wavuvi wake. Atakwambia: mzigo umeuzwa, tunatoa petroli, tunatoa chakula, kinachobaki tunagawana kwa mafungu kama tulivyopatana. Ni hesabu ya haki, na inafanyika mbele ya macho ya wote. Nimekaa na mmoja tukaipiga pamoja, mzee mwenye akili sana, anayekumbuka mauzo ya miezi mitatu bila kufungua daftari. Nikamuuliza: mzee, injini iko kwenye fungu gani? Akanitazama. Injini si ipo, imefungwa pale kwenye mtumbwi! Tuseme injini ni shilingi milioni 6 na inadumu miaka 4. Kila mwaka shilingi milioni 1.5 ya injini inaishia majini. Haikutajwa kwenye mgao hata siku moja. Kwa hiyo kila walipogawana walikuwa wanagawana na kipande cha injini wakidhani ni faida ya sangara. Mwaka wa nne injini inakohoa, inakufa, mzee anakwenda kukopa, na majirani wanasema amerogwa.

Hajarogwa. Hakuandika uchakavu.

Mtasema huyo ni mvuvi, hakusoma. Haya, twendeni kwa waliosoma. Marekani, jimbo la Mississippi, mji wa Clinton, ndipo yalipokuwa makao makuu ya kampuni kubwa ya simu iliyoitwa WorldCom. Kampuni hiyo ilikuwa inalipa makampuni mengine ili ipitishe simu kwenye nyaya zao. Hayo ni malipo ya kila siku, yanakwisha siku hiyohiyo. Ni petroli. Wakubwa wa fedha wa kampuni, watu wenye shahada na vyeti vya uhasibu, wakaamua kuyaandika kama mali. Petroli ikaitwa injini! Gharama zikayeyuka kwenye hesabu, faida ikapanda, na mtu aliyekuwa mbali akanunua hisa akiamini.

Nani aligundua? Mama mmoja anaitwa Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani, pamoja na watu wake wachache. Sehemu ya kazi waliifanya usiku, ofisi zikiwa tupu, kwa sababu mchana kuna wakubwa waliokuwa wakiwauliza mnatafuta nini huku. Walichofanya hakikuhitaji hisabati ya kurushia roketi. Walikuta mali imeandikwa, wakaomba karatasi zake. Mmenunua nini? Kiko wapi? Ankara iko wapi? Hapakuwa na jibu. Mwezi wa sita mwaka 2002 kampuni ikakiri hadharani: dola bilioni 3.8, na baadaye kiasi kilionekana kuwa kikubwa zaidi ya hapo. Mwezi uliofuata ikafilisika, na kwa wakati ule haikuwa imewahi kutokea kampuni kubwa kuliko hiyo kufilisika Marekani. Mkurugenzi wake, Bernard Ebbers, alihukumiwa mwaka 2005 kifungo cha miaka 25.

Somo la mwaka wa kwanza, vijana. Muhula wa kwanza! Wale wakubwa hawakukosa elimu. Walilijua somo vizuri, ndiyo maana walijua pa kuligeuza. Na yule mama naye hakuwa na somo la siri ambalo wenzake hawakulipata. Alikataa tu kuondoka mezani kabla ya kuona karatasi.

Sasa fedha. Watu wanauliza: uhasibu na fedha si kitu kimoja? Ni ndugu wa tumbo moja. Mhasibu anaeleza kilichotokea. Mtu wa fedha anauliza kitakachotokea: tukope au tusikope, tununue sasa au mwakani, shilingi ya leo ni sawa na shilingi ya mwaka kesho? Ukisoma shahada ya vyote viwili unajifunza kutazama nyuma na mbele, na kwa maoni yangu kijana wa kanda hii afanye hivyo, kwa sababu huku kwetu biashara nyingi zinakufa zikiwa na faida.

Mnashangaa? Biashara inaweza kuwa na faida na ikafa. Nitawapa mfano wa mama mmoja mchuuzi wa dagaa, sitamtaja. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi inapumzika. Kila mtoto wa mwaloni anajua: giza likirudi, kazi inarudi. Kwa hiyo fedha ya dagaa inapanda na kushuka kwa mwezi wa angani. Mama huyu ananunua giza likiwepo, anaanika, anafunga magunia, anawauzia wateja wanaopeleka mikoani na nje ya mipaka. Wateja wazuri, ila wengine wanalipa nusu, nusu nyingine "mzigo ukiuzwa". Ukipiga hesabu ya faida, anapata. Hakika anapata.

Halafu akachukua mkopo. Mnaijua kausha damu? Nasikia minong'ono, mnaijua. Rejesho kila Jumatatu. Jumatatu ya giza, Jumatatu ya mbalamwezi, Jumatatu ya msiba, rejesho palepale. Faida yake iko kwenye magunia na kwenye madeni ya wateja. Rejesho linataka noti. Akauza mzigo kwa hasara ili alipe Jumatatu. Jumatatu ya pili hivyohivyo. Alichukuliwa mpaka friji na godoro. Ukimuuliza jirani atasema mama hakujua biashara. Alijua biashara kuliko mimi! Hakupata mtu wa kumwambia kwamba ratiba ya mkopo inatakiwa ifanane na ratiba ya fedha kuingia. Hilo ndilo somo la mtiririko wa fedha, na lina kurasa nyingi kwenye vitabu vya chuo. Nyie mtalisoma. Mama yule amelilipia kwa godoro.

Na ile riba yenyewe. Tulizeni vichwa tupige hesabu moja, kalamu kama unayo. Unakopa shilingi milioni moja, miezi 12, unaambiwa riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Inasikika ndogo, eti? Asilimia 3 ya milioni moja ni 30,000. Kwa mwaka 360,000. Jumla unarudisha 1,360,000, yaani 113,333 kila mwezi. Sasa tazama. Katika kila rejesho, 83,333 ni ya mtaji, 30,000 ni ya riba. Ukifika mwezi wa 12, mtaji uliobaki mkononi mwako ni shilingi ngapi? Ni 83,333 tu. Nyingine umesharudisha. Lakini riba ya mwezi huo ni ngapi? Bado 30,000! Unalipia riba ya milioni moja ambayo huna. Ukiikokotoa kwa fedha uliyonayo kweli kila mwezi, riba yako si asilimia 3, ni karibu asilimia 5. Mkopo mwingine unaweza kuwa na asilimia 4 zinazohesabiwa kwenye deni linalobaki, ukasikika ghali, kumbe ndio nafuu. Wazazi, naona mnaandika. Andikeni. Hii hamtaandikiwa kwenye bango.

Kuna baba aliniambia: "Mwanangu, hayo yote ni ya wafanyabiashara, sisi ni watumishi wa serikali." Baba, wewe ndiye hasa! Kila mwaka, ifikapo mwisho wa Machi, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakabidhi ripoti yake kwa Rais. Mwezi wa nne ripoti inakwenda bungeni, na nchi nzima inaanza kuzungumza kihasibu. Kwenye daladala za Nyegezi na Buhongwa utasikia: halmashauri fulani imepata hati safi, fulani imepata hati yenye mashaka. Watu wanashangilia hati safi kama bao la Simba au Yanga. Sasa niwaulize: hati safi maana yake hawakuiba? Naona vichwa vinatikisika ndiyo, vingine hapana. Hati safi inasema kwamba vitabu vya hesabu, kwa mambo yaliyo makubwa, vinaonesha hali halisi kwa mujibu wa viwango. Unaweza kujenga zahanati ghali kupita kiasi, ukaandika kila senti vizuri, ukapata hati safi. Zahanati ni ghali, na hati ni safi. Ndiyo maana ripoti ile ina mamia ya kurasa za hoja za ukaguzi baada ya hizo hati, na ndiyo maana Katiba, ibara ya 143, inampa Mkaguzi Mkuu kazi ya kujiridhisha kwamba fedha ya umma imetumika kwa jambo lililokusudiwa. Kijana atakayesoma ukaguzi vizuri atakuwa mtu wa kuwaeleza majirani tofauti hiyo. Watu hao ni wachache. Wanaopiga kelele ni wengi, na wanaojua wanachokipigia kelele wachache.

Haya, ajira. Naona mlivyokaa sawa.

Sitawadanganya. Kila mwaka vyuo vinatoa wahitimu wengi wa uhasibu. Nafasi za serikali zikitangazwa wanaomba wengi mno. Shahada peke yake haitakubeba. Wanaotafutwa ni wenye CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, na CPA haitolewi na chuo, inatolewa na NBAA. Mitihani yao mikuu inafanyika Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii chini kabisa, kuna masomo anasamehewa. Ushauri wangu kwa wenye shahada: msipumzike. Wengi wanasema nipate kwanza kazi, kisha nitafanya CPA. Kazi ikija inakuja na ndoa, na watoto, na kiwanja cha Kisesa, na usiku unaishiwa nguvu. Fanya ukiwa bado unakula kwa mama. Na kisheria, bila kusajiliwa na Bodi huruhusiwi kujiita mkaguzi na kusaini hesabu za watu, hata uwe na shahada tatu.

Halafu mafunzo kwa vitendo, ile field. Kuna ofisi ukienda utatumwa chapati na kutoa kopi wiki zote. Utarudi na barua yenye muhuri, na kichwani una bei ya chapati. Usikubali kirahisi. Kwa heshima, mwombe mkuu wa kitengo: "Mzee, naomba unipe usuluhishi wa benki wa mwezi uliopita niufanye, kisha wewe uulinganishe na wa kwenu." Kazi hiyo hakuna anayeipenda, kwa hiyo watakupa. Kaa na daftari la fedha upande huu na taarifa ya benki upande ule, tiki moja, tiki moja, mpaka ufike kwenye kiasi ambacho hakina mwenzake. Hapo simama, tafuta. Ni hundi ambayo mtu hajaipeleka benki? Ni makato ya benki ambayo hayakuandikwa? Au ni kitu ambacho mtu alitumaini hakuna atakayekitafuta? Ukishatafuta tofauti ya shilingi 14,000 mchana kutwa na ukaipata, umejifunza zaidi ya muhula.

Na wasiopata kuajiriwa mapema, tazameni mnapoishi. Kirumba imejaa wafanyabiashara wanaouza mamilioni, na hesabu zao ziko kichwani. Ukifikisha mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka unatakiwa usajiliwe kwenye kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na wako wanaovuka mstari huo bila kujua kuna mstari. Saccos zinahitaji watunza vitabu. Vicoba vya mama zenu vinagombana kila Desemba, siku ya kugawana, kwa sababu daftari lina kurasa zilizochanwa. Jitoleeni mwaka mmoja kuandika daftari la kikoba cha mama. Hamtalipwa kitu. Lakini mtakutana na hali ambayo hakuna mwalimu atawafundisha: kumwambia mjumbe aliyekuzidi umri, tena shangazi yako, mbele ya wenzake, "Shangazi, shikamoo, naomba risiti ya lile turubai." Ukiweza hilo kwa adabu na bila kutetemeka, utaweza ukaguzi wa kampuni yoyote.

Kuhusu kuomba chuo, nitakwenda haraka. Kwa shahada, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka angalau alama kuu mbili zenye jumla ya pointi nne, lakini kila programu ina masharti yake ya ziada, na nyingine zinaangalia hisabati ya kidato cha nne. Someni kitabu cha mwongozo wenyewe, msisomewe na rafiki. Si lazima uende Dar. Hapahapa Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, kuna kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara. Ukitaka kwenda mbali, Mzumbe wana shahada ya uhasibu na fedha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shule yao ya biashara. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, na makosa mengi ni ya vyeti vya kuzaliwa visivyohakikiwa, kwa hiyo mzazi, wiki hii, si mwezi ujao, shughulikia cheti hicho.

Naona mkono wa mama pale mbele. Anauliza: mwanangu amesoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, hajagusa uhasibu, na matokeo yake hayafiki shahada, je, mlango umefungwa? Haujafungwa, mama. Anaweza kuanza astashahada, akapanda stashahada, akaingia shahada kwa stashahada hiyo. Ataingia nyuma kwa miaka kadhaa, lakini darasani atawakuta wanaotoka moja kwa moja kidato cha sita wanahangaika na debiti na krediti wakati yeye ameshaziandika kwa mkono mpaka zimemchosha. Hata Bodi ina mitihani yake ya ngazi ya mafundi uhasibu, wanaiita ATEC, kwa ambao hawana shahada. Muda utaongezeka, na ada pia itaongezeka kwa kuwa miaka ni mingi. Hilo mlipigie hesabu nyumbani kabla ya kujaza fomu.

Mzee mwenye koti la kijivu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja pamba. Mpelekeeni kipaza sauti.